Simu yako inazijua nywila zako, je, wewe unajua zimekaa wapi?

Leo naomba tuongelee kitu ambacho karibu kila mwenye simu janja anakitumia, na wengi hawajui kama wanakitumia. Ni kile kidirisha kinachochomoza ukishaingia kwenye akaunti yako mahali fulani, kinauliza kama unataka nywila (au paswedi, kama tulivyozoea mtaani) ihifadhiwe. Wengi tunabonyeza ndiyo ili kitoke mbele ya macho, maisha yanaendelea. Kesho yake simu inakujazia yenyewe, safi kabisa. Shida inakuja siku unaposhika kifaa kingine.

Mimi ukiacha kuandika, huwa napata kazi ndogondogo za kuwahamishia watu vitu kutoka simu ya zamani kwenda mpya. Picha zinahama, namba zinahama, WhatsApp inahama. Tukifika kwenye nywila ndipo ngoma inapoanza. "Mdogo wangu, hiyo paswedi mimi siijui, simu ndo inaijua." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, nikaona bora niandike hapa mara moja, tuelewane.

Ukweli ni kwamba simu haijui kitu. Nywila zinakaa kwenye AKAUNTI, simu ni mlango tu wa kuingilia. Kama akaunti hiyo ni yako na una ufunguo wake, hata simu ikitumbukia Ziwa Victoria utazipata. Kama akaunti alikufungulia muuza duka siku uliyonunua simu na hujui nywila yake, basi ghala lako lote liko mikononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana nikiulizwa "hivi hivi vitu ni salama?" na mimi huwa nauliza kwanza: akaunti ni ya nani?

MAGHALA YENYEWE NI HAYA

Tuanze na la Google maana ndilo la wengi. Ukitumia Tecno, Infinix, itel, Samsung, Xiaomi na nyingine nyingi za Android, kidirisha kile kwa kawaida ni cha Google. Simu yako ikiwa kwa Kiswahili utaliona limeandikwa "Kidhibiti cha Manenosiri". Nywila zinaingia kwenye akaunti yako ya Gmail, na unaweza kuziona kutoka kompyuta yoyote kwa kufungua passwords.google.com. Ukiingia na akaunti hiyohiyo kwenye Chrome ya kompyuta, zinakufuata.

La pili ni la Apple. Wenye iPhone nywila zao zinakaa iCloud, mpango ulioanza mwaka 2013. Kwa miaka mingi zilikuwa zimefichwa ndani ya mipangilio, mpaka Septemba 2024 ilipokuja iOS 18 na Apple ikazitolea programu yake yenyewe, yenye alama yake kwenye skrini kama programu nyingine. Hapo hata mama yangu mdogo akaweza kuziona bila kuniita.

La tatu ni la Microsoft, lililo ndani ya kivinjari cha Edge kinachokuja na Windows. La nne ni la Firefox, na hili linafanya kazi kwenye Windows, Android na iPhone ilimradi ufungue akaunti yao. La tano ni Samsung Pass, kwa wenye Samsung tu.

Sasa wewe angalia mtu wa kawaida wa mjini. Mfukoni ana Samsung. Ofisini ana kompyuta ya Windows yenye Edge na Chrome. Nyumbani kuna iPhone ya mtumba aliyoletewa na shemeji. Huyu mtu mmoja anaweza akawa na maghala manne, na hakuna hata moja linalojua kilichomo kwenye lingine. Akibadilisha nywila ya Facebook kwenye simu, Edge ya ofisini inaendelea kumjazia ile ya zamani. Inakataa. Anajaribu tena, inakataa. Anabonyeza "nimesahau", anatengeneza ya tatu, sasa simu nayo inakuwa na ya zamani. Mchezo unaanza upya.

KWA NINI BADO NASEMA TUMIENI

Msije mkasema nawatisha. Hivi vitu ni vizuri, tena ni bure, na ukilinganisha na tunachokifanya sasa hivi ni afadhali mara mia. Tunachofanya sasa hivi mnakijua: jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, nywila moja kwa kila kitu. Tovuti moja ikidukuliwa, mwizi anachukua nywila ile anaijaribu Gmail, Facebook, Instagram, kote inafunguka. Kitunza nywila kinakuwezesha kuwa na nywila tofauti kila mahali bila kukariri hata moja. iPhone kwa mfano hujitungia nywila ya herufi na alama 20, hakuna binadamu wa kuikisia kwa jina la mtoto.

Kuna faida nyingine wengi hawaijui, na mimi naiona ndiyo kubwa. Kitunza nywila hakiangalii sura ya tovuti, kinaangalia anwani. Matapeli wanaweza kutengeneza ukurasa unaofanana na Facebook mpaka rangi, wakakutumia kiungo kwa WhatsApp kwamba umeshinda zawadi, ingia hapa. Jicho lako litadanganyika. Kitunza nywila kitanyamaza kimya, hakikujazii kitu, maana anwani siyo ile. Kwa hiyo siku simu iliyozoea kukujazia imekataa, usikimbilie kucharaza kwa mkono. Simama kwanza, soma anwani herufi kwa herufi.

Ila hapo pana mtego, na ndiyo nakuja kwenye kero zenyewe. Wakati mwingine inakataa hata kwenye sehemu halali.

KERO YA KWANZA: TOVUTI INAKUBALI, PROGRAMU INAKATAA

Umehifadhi nywila kupitia kivinjari, halafu umepakua programu ya huduma hiyohiyo, simu inajifanya haikujui. Sababu ni kwamba kwa simu, tovuti na programu ni vitu viwili tofauti mpaka mwenye huduma atangaze rasmi kwamba ni ndugu. Kutangaza kwenyewe ni kuweka faili dogo kwenye tovuti yake linalosema programu fulani ni yangu. Wengine hawaliweki. Kwa hiyo kosa siyo lako wala la simu, ni la fundi aliyejenga ile programu.

Wapo pia wanaozuia makusudi. Kuna benki moja hapa, sitaitaja, ambayo programu yake hairuhusu hata kubandika nywila uliyoinakili, lazima ucharaze herufi moja moja. Wao wanaona huo ndio usalama. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri kinyume chake: watu waruhusiwe kubandika, maana hiyo inasaidia wanaotumia vitunza nywila kuwa na nywila ngumu. Ukimlazimisha mtu kucharaze kwa mkono kila siku, atachagua nywila fupi. Hilo halihitaji chuo kikuu kulielewa.

KERO YA PILI: GHALA MBILI KWENYE SIMU MOJA

Hii ni ya wenye Samsung hasa. Ukihifadhi kupitia Chrome inaenda Google. Ukihifadhi kupitia kivinjari cha Samsung chenyewe inaweza kwenda Samsung Pass. Mwenye simu haoni tofauti, mpaka siku anahamia Tecno. Nusu ya nywila zinakuja, nusu hazionekani, anadhani zimepotea. Hazijapotea, zimebaki kwa Samsung.

Dawa yake ni kuchagua ghala MOJA na kuiambia simu. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu inakuruhusu kuchagua nani awe anakujazia nywila. Mahali pa kuchagulia panatofautiana simu hadi simu, kwa hiyo usihangaike, fungua mipangilio, nenda kwenye kisanduku cha kutafutia, andika "nywila" au "manenosiri". Simu ikiwa kwa Kiingereza andika "autofill". Chagua moja, achana na nyingine.

KERO YA TATU: MPAKA WA APPLE NA WENGINE

Mwenye iPhone na kompyuta ya Mac hana malalamiko. Mwenye iPhone na kompyuta ya Windows anaweza kuvuka, ila kwa kazi: aweke programu ya iCloud ya Windows, kisha kiendelezi ndani ya Chrome au Edge. Mwenye iPhone anayehamia Android ndiye mwenye mtihani, kwa sababu Apple haijatoa programu yake ya nywila kwa ajili ya Android. Mlango huo haupo.

Upande wa pili mambo ni nafuu kidogo. Google inakubali kuingia nyumbani kwa Apple. Unaweka Chrome kwenye iPhone, unaingia na Gmail yako, halafu kwenye mipangilio ya iPhone sehemu ya kujaza nywila unaichagua Chrome. Kuanzia hapo inakujazia hata kwenye programu nyingine. Hii inawezekana tangu iOS 12 ya mwaka 2018, Apple ilipofungua mlango kwa vitunza nywila vya wengine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu ambaye hajui mwakani atakuwa na simu gani (na wengi wetu ndio hao, tunanunua kinachopatikana) ni kuchagua ghala linalovuka mipaka. Google au Firefox vinavuka. Kama nyumba nzima mnatumia Apple na mtaendelea hivyo, kaeni huko, hamna shida.

KERO YA NNE: MWENYE GHALA ANAWEZA KUFUNGA DUKA

Firefox walikuwa na programu ya nywila ya simu ikiitwa Lockwise, wakaacha kuihudumia Desemba 2021. Microsoft nao programu yao ya Authenticator ilikuwa inatunza nywila. Mwaka 2025 wakaifunga hiyo huduma kwa awamu: Juni huwezi kuongeza mpya, Julai haijazi tena, Agosti nywila hazifunguki humo, mtu anaambiwa azifuate kwenye Edge. Aliyesoma tangazo alihama mapema. Ambaye huwa anafunga matangazo bila kusoma alishtukia tu.

Kuhama kwenyewe kukoje? Maghala mengi yanakuruhusu kutoa nywila zote kwenye faili la CSV, halafu unalipakia kwenye ghala jipya. Ni rahisi, lakini NAOMBA MNISIKILIZE HAPA: faili hilo ni maandishi matupu. Halina kufuli. Yeyote akilifungua anasoma kila kitu, jina na nywila. Usijitumie kwa WhatsApp, usilifanyie kazi kwenye kompyuta ya watu, na ukimaliza kulipakia lifute, kisha lifute na kule kwenye kapu la taka.

KOMPYUTA YA STESHENARI

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana waliotengeneza hivi vitu sidhani kama walifikiria maisha yetu. Wao wanafikiria mtu mmoja, simu yake, laptopu yake. Sisi kijana akimaliza kidato cha sita anaomba chuo na mkopo kwenye kompyuta ya steshenari. Anayeomba kazi vilevile. Kompyuta moja inatumiwa na watu hamsini kwa siku.

Sheria ya kwanza: kwenye kompyuta hiyo kidirisha kikiuliza kuhifadhi, jibu ni HAPANA. Na usiingize Gmail yako kwenye Chrome yenyewe, yaani pale juu pembeni kwenye picha ya mtumiaji, maana unaweza ukawa umelileta ghala lako lote pale, ukaondoka ukaliacha. Fungua dirisha fiche, fanya kazi yako, lifunge kabla hujalipa.

Sheria ya pili inahusu nywila yenyewe. Zile za herufi 20 zilizotungwa na simu ni nzuri kama kila kitu unafanya kwenye simu yako. Jaribu kuicharaza kwenye kibodi ya steshenari iliyofutika herufi, huku foleni inakusubiri nyuma. Utachanganya sifuri na O, utafungiwa. Kwa hiyo akaunti ambayo unajua utaifungua kwenye kompyuta za watu, tunga mwenyewe nywila ndefu ya maneno manne au matano ya kawaida yasiyohusiana, siyo methali wala mstari wa wimbo. Ihifadhi kwenye simu. Ukifika steshenari unaitazama kwenye simu, unaicharaza bila jasho.

Sheria ya tatu kwa wale ambao mwenye steshenari ndiye anawajazia kila kitu. Kaka au dada wa steshenari anatusaidia sana, sina ubaya naye. Lakini akikufungulia akaunti, hakikisha namba ya simu na barua pepe za kurejeshea ni za kwako, na ukifika nyumbani badilisha nywila aliyokuwekea.

AKAUNTI ALIYOFUNGUA MUUZA DUKA

Narudi kwenye hoja yangu ya juu. Watu wazima wengi, Gmail iliyomo kwenye simu zao walifunguliwa dukani siku ya kununua. Nywila ya Gmail hiyo hawaijui, wengine hata jina la akaunti hawalijui. Simu inafanya kazi miaka mitatu, nywila zote zinajipanga humo. Halafu simu inaibwa Mwenge.

Unanunua nyingine. Ili ghala lifunguke inahitajika Gmail na nywila yake. Huna. Unabonyeza "nimesahau", Google inataka kutuma namba kwenye simu ya kurejeshea. Ni namba ya nani? Kama ni ya muuza duka, kazi unayo. Na hata kama simu haikuibwa bali imegoma tu, fundi anaweza kuifuta ikawa kama mpya, lakini ukiiwasha utalihitaji lile lile: akaunti. Bila hiyo umepata simu, nywila hujapata.

Kwa Apple pana jambo la ziada. Ukianza na iPhone mpya, kabla hujapewa nywila zako unaweza kuulizwa namba ya siri uliyokuwa unafungulia skrini ya simu ya ZAMANI. Wanaotumia alama ya kidole au uso kila siku huwa wanaisahau ile namba. Ikumbuke.

JARIBIO LA DAKIKA KUMI

Fanya haya leo, simu ikiwa bado mkononi:

1. Fungua mipangilio, angalia ni akaunti gani imo. Soma jina lake lote. Kama hulitambui, hapo umeshapata jibu.

2. Angalia namba ya simu na barua pepe za kurejeshea. Zote ziwe zako, na laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Laini ikiwa ya jina la mtu mwingine, siku ya kuirudisha kidole chako hakitafanya kazi.

3. Omba simu ya ndugu unayemwamini, fungua dirisha fiche, jaribu kuingia kwenye akaunti yako kwa kucharaza. Ukishindwa leo, utashindwa pia siku ya kuibiwa. Ukifanikiwa, toka na ufunge dirisha.

4. Kwa Google, washa uthibitishaji wa hatua mbili kisha chukua zile namba 10 za akiba. Kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, weka pale unapoweka vyeti vyako vya shule. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ileile!

5. Namba ya kufungulia skrini iwe ngumu, na isijulikane na nyumba nzima. Anayeijua anaweza kufungua ghala lote. Kwa simu ya familia inayoshikwa na watoto, wajomba na majirani, nywila za maana usizihifadhi humo.

6. Namba ya siri ya M-Pesa na za mitandao mingine ya pesa ziache kichwani. Zile za menyu ya *150*00# kitunza nywila hakizijazi hata hivyo, na kuziandika kwenye simu ni kumrahisishia mwizi.

Kabla sijamaliza, mtasikia sana siku hizi habari za funguo za siri zinazokuja kuchukua nafasi ya nywila, unaingia kwa kidole au uso tu. Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja mwaka 2022 kwamba wataziendeleza, na Google ilianza kuziruhusu kwenye akaunti zake Mei 2023. Ni nzuri, tapeli hawezi kukulaghai umtajie kitu ambacho hata wewe hukijui. Lakini nazo kwa kawaida zinakaa kwenye maghala haya haya. Asiyejua akaunti yake ni ya nani, teknolojia mpya itamkuta palepale.

Huo ndio mtazamo wangu wadau. Kama wewe unaona daftari la nyumbani ni bora kuliko simu, sema, tutajadili, maana daftari nalo halidukuliwi kutoka Urusi. Na wenye maduka ya simu mnaosoma hapa: mteja akiwa mzee, mfungulieni akaunti kwa namba yake, mwandikieni nywila kwenye karatasi mpeni mkononi. Haichukui hata dakika tano.

Naomba kutoa hoja. Uwanja ni wenu.